Jaketi la Manyoya na Mvua ya Mlimani

*Mhadhara uliotolewa mjini Same mbele ya waongoza watalii, wapagazi, walimu wa ufundi na mafundi cherehani*

   

 Kusudi langu ni moja. Jaketi la manyoya linaloloa ovyo mlimani, na vivyo hivyo mfuko wa kulalia, mara nyingi havijafika mwisho wake. Vimechafuka, au vimefuliwa vibaya. Vikifuliwa inavyotakiwa, vikakaushwa mpaka ndani kabisa, vikapewa joto na, pale inapolazimu, dawa, vitafukuza maji tena. Nataka tuone pia kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika hapa Same kwa mikono yetu, tena ikawa kazi ya kulipwa.

Najua kuna atakayeuliza: Same, mji wa jua na vumbi, unahusiana vipi na majaketi ya theluji? Nitamjibu kwa watu waliomo humu ukumbini. Wako vijana wa Upare wanaobeba mizigo Kilimanjaro msimu hadi msimu. Wako madereva wa bodaboda wanaopandisha abiria Mbaga alfajiri ya Julai, ukungu umeshuka barabarani na mikono haiisikii breki. Wako walimu wanaofundisha huko juu, chini ya kilele cha Shengena kinachopita mita 2,400, ambako baridi ya kipupwe si ya kusimuliwa. Wote hao huvaa majaketi ya mitumba, mengine yamenunuliwa hapa, mengine soko la Memorial kule Moshi, na wengi wamewahi kulitupa jaketi zuri kwa kuambiwa kwamba limekufa.

1. Kinachotunza joto ni hewa

Bata hushinda majini na hagandi. Manyoya yake ya nje, yale marefu yenye kijiti, yamebanana na kupakwa mafuta ambayo bata mwenyewe huyachukua kwa mdomo kutoka kwenye tezi iliyo karibu na mkia. Chini ya hayo, kifuani, kuna manyoya mengine madogo yasiyo na kijiti, nyuzi laini zilizotawanyika pande zote kutoka kitovu kimoja. Hayo ndiyo yanayojazwa kwenye jaketi na mfuko wa kulalia. Kila nyoya hufutuka na kumsukuma mwenzake, na katikati hubaki hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, ndiyo maana joto la mwili wako hubaki kwako.

Maji yakiingia, nyuzi hushikana, manyoya huwa madonge, na hewa haina pa kukaa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Aliyevaa jaketi la manyoya lililoloa amevaa vitambaa viwili vyembamba na uzito usio na faida katikati yake. Sufu ikiloa bado hukupa joto kidogo. Jaketi la nyuzi za viwandani nalo hukupa kidogo. Manyoya yakiloa hayakupi kitu.

Waliotangulia kulibuni jaketi hili walilijua hilo, ndiyo maana walianza na kitambaa. Mwaka 1922 George Finch, mpandaji aliyezaliwa Australia, alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe, nje kitambaa cha kutengenezea puto la angani, ndani manyoya ya bata wa bahari za kaskazini aitwaye eider. Wenzake waliovaa sufu walilicheka, kisha baridi ikawafunza thamani yake. Huko Marekani, Eddie Bauer alinusurika kuganda katika safari ya uvuvi wakati wa baridi, nguo zake za sufu zikiwa zimelowa. Mwaka 1936 akaanza kuuza jaketi la manyoya lililogawanywa vyumba vyumba kwa mishono, na mwaka 1940 akapata hataza yake. Mpaka leo mpango ni uleule: kitambaa chepesi kinachozuia maji, na vyumba vya kuzuia manyoya yasirundikane chini.

Sasa wekeni hilo kwenye njia ya Kilimanjaro. Siku ya kwanza mgumu, yaani mpagazi, anapita msituni, na msitu ndio ukanda unaopata mvua nyingi kuliko kwingine kote mlimani. Mzigo uko kichwani, mvua inanyesha, na mfuko wake wa kulalia umo ndani ya kiroba. Kwa kila mita 1,000 anazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6. Akifika Kibo kwenye mita 4,720, au Barafu kwenye mita 4,673, usiku unashuka chini ya sifuri. Kilicholowa siku ya kwanza hakikupata jua la kukikausha, na huko ndiko anakokihitaji. Mtalii ana wa kumbebea vya akiba. Mgumu ana kile alichokibeba mwenyewe.

2. Kitambaa hakikuchakaa, kimechafuka

Kitambaa cha nje cha majaketi haya ni nailoni au poliesta nyembamba sana. Peke yake hakizuii maji. Kiwandani nyuzi zake hupakwa dawa nyembamba isiyoonekana kwa macho, nayo huyafanya maji yasitandae. Kila mtoto wa Upare ameona maji juu ya jani la gimbi, namna yanavyojikusanya kuwa tone la mviringo, yakiteleza huku na huku bila kuliloanisha jani. Kitambaa kizima cha jaketi hufanya vivyo hivyo. Maji hubaki matone, ukikung'uta yanaruka, na mvuke wa jasho lako bado una njia ya kutoka.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili. Koti la mvua lina utando usiopitisha maji hata ukisimama kwenye masika saa nzima. Jaketi la manyoya kwa kawaida halina utando huo. Linafukuza maji ya ukungu, umande, manyunyu na mvua fupi. Anayeuziwa jaketi la manyoya kwa ahadi ya kuvuka masika amedanganywa, na hakuna dawa ya kufulia itakayoitimiza ahadi hiyo. Mvua ikiwa kubwa, vaa koti la mvua juu yake.

Dawa ile hushindwa namna gani? Mara nyingi haijatoka, imefunikwa. Jasho limeifunika, na vumbi laini la mlimani, na moshi wa jiko la hema la kupikia. Mafuta tunayojipaka shingoni na mikononi ili ngozi isipasuke nayo yameifunika, ndiyo maana kola na vikofi hutangulia kulowa. Mabegani, mikanda ya begi imesugua. Kisha kuna adui asiyedhaniwa, naye ni sabuni yenyewe. Kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yashikane na uchafu na kitambaa. Ikibaki kwenye nyuzi, itaendelea na kazi hiyo mvua ikinyesha. Dawa za kulainisha nguo ndizo mbaya zaidi. Jaketi la mtumba linalonukia vizuri unapolifungua kwenye belo huenda lilifuliwa na dawa hiyo, na manukato yale ndiyo dalili ya kwanza kwamba litakunywa maji.

Kabla ya kuhukumu, pima. Litandaze jaketi mezani. Dondosha maji kwa kijiko sehemu nne: begani, kifuani, kwenye kikofi na mgongoni. Subiri dakika moja, kisha liinamishe. Tone likiteleza na kuacha pakavu, hapo pazima. Likiacha doa jeusi lililotandaa, hapo pamelowa. Mara nyingi utakuta mgongo mzima na mabega yamelowa, na hilo lenyewe linakuonyesha pa kushughulikia.

3. Kufua na kukausha

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika.

Kwanza hakikisha kweli ni manyoya. Soma lebo ya ndani: utaona neno down, au Daunen la Kijerumani, au duvet la Kifaransa. Lebo ikiwa imekatwa, finya chumba kimoja kwa vidole. Manyoya huteleza na kukusanyika, na hapa na pale utagusa kijiti chembamba, kwa sababu manyoya machache yenye kijiti huchanganyika humo. Nyuzi za viwandani hukaa kama pamba ya godoro, hazihami. Jaketi la nyuzi hizo halina shida kulifua. Nitakayosema sasa ni kwa ajili ya manyoya.

Shona kila tundu kabla hujaligusisha maji. Funga zipu zote na vibandiko vyote. Toa kilichomo mifukoni.

Halafu tazama maji, na hili ni letu sisi watu wa Same. Maji ya visima vingi vya tambarare yana chumvi, mnaijua ladha yake. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu haitoi povu. Hutoa utando mweupe unaoganda kwenye nguo, na utando huo ukibaki kwenye nyuzi umeirudisha kazi nyuma. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa mwaka 2025 na unaotumia maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, umetupunguzia adha ya ndoo. Hata hivyo, maji yoyote uliyonayo yapime kwa povu kwanza. Sugua sabuni kidogo kwenye kikombe cha maji, utikise. Povu likisimama, fua. Likikata mara moja na maji yakawa na ukungu, tafuta maji ya mvua au ya kijito cha juu. Kwa suuza ya mwisho, maji ya mvua hayana mpinzani.

Sabuni bora ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya manyoya. Ukiipata, itumie. Usipoipata, sabuni ya mche isiyo na rangi wala manukato, iliyoparazwa ikayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, inatosha, alimradi isuuzwe mpaka iishe. Sabuni ya unga iache. Nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani madoa ya protini, na manyoya nayo ni protini. Tena huvua mafuta kidogo ya asili yanayoyafanya manyoya yafutuke. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe iache. Dawa ya kulainisha nimekwisha kuisema.

Jaza karai kubwa au beseni la kuogea. Ingiza jaketi na ulikandamize polepole kwa viganja mpaka hewa itoke, kwa sababu mwanzoni litaelea. Likande kwa upole, usilisugue kitambaa kwa kitambaa wala usilipige jiweni. Kola na vikofi vipe sabuni ya ziada na brashi laini. Liache liloweke nusu saa hadi saa moja, kisha mwaga maji. Mtashangaa rangi yake, hasa kwa mfuko wa kulalia uliotumika misimu kadhaa.

Sasa inakuja hatari kubwa kuliko zote. Mfuko wa kulalia uliolowa ni mzito mno, na vyumba vyake hutenganishwa na kuta za kitambaa chembamba sana zilizoshonwa ndani. Ukiunyanyua kwa kuushika upande mmoja, maji na manyoya yatateremka kwa pamoja na kuzichana kuta hizo. Nje huoni kitu. Ndani manyoya yamekimbilia miguuni, na hakuna fundi atakayeyarudisha bila kuufumua mfuko mzima. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, ukandamize mfuko ukiwa palepale ndani ya beseni, kisha pitisha mikono yote miwili chini yake, au uubebe ndani ya shuka watu wawili, kama mnavyombeba mgonjwa.

Suuza. Suuza tena. Endelea mpaka ukikamua kwa kiganja hakuna povu lolote. Watu wengi huishia suuza ya pili, ndiyo maana nguo zao hulowa zaidi baada ya kufuliwa kuliko kabla. Usilisokote jaketi kama unavyosokota shuka. Lizungushe ndani ya taulo na ulikandamize. Mwenye mashine yenye mlango wa mbele anaweza kuitumia kwa mzunguko wa taratibu. Ile yenye mhimili katikati, hapana, itachana vyumba.

Kukausha ndiko kunakotaka moyo. Jaketi likitoka majini halitamaniki. Vyumba vimelala bapa, manyoya yamejikunja kuwa madonge kama ubuyu, na harufu ni ya bata aliyenyeshewa. Usikate tamaa, wala usilitundike kwenye kamba. Chukua chandarua cha zamani, kifunge pembe nne kiwambwe kama kitanda, ulilaze juu yake ili upepo upite chini na juu. Ligeuze ndani nje, kwa sababu jua kali la muda mrefu hudhoofisha nailoni. Kila baada ya saa moja hivi liendee, lishike chumba kwa chumba, tafuta donge kwa vidole na ulifumbue taratibu kwa kulivuta huku na huku ukiwa nje ya kitambaa. Likung'ute. Ligeuze. Jioni liingize ndani, kesho lirudishe. Jaketi huchukua siku moja hadi mbili za jua zuri, na mfuko wa kulalia huweza kuchukua siku kadhaa.

Utajuaje limekauka? Lielekeze dirishani na utazame mwanga unavyopita. Chumba kikavu kinaonyesha wingu sawasawa. Chumba chenye unyevu kinaonyesha vivuli vya madonge. Likikaa usiku mmoja ndani ya nyumba na asubuhi harufu ya bata imerudi, bado. Manyoya yaliyofungiwa na unyevu huota ukungu na kuoza, na hapo ndipo tunaweza kusema kweli jaketi limekufa.

Mwenye mashine ya kukaushia kwa joto aitumie kwa joto la chini kabisa, na aingize mipira miwili mitatu ya tenisi iwe inayapiga madonge. Lakini niseme ukweli wangu: jua la Same na upepo wake ni mashine ambayo Moshi hawana katika miezi ya masika. Nitalirudia jambo hili.

4. Joto kwanza, dawa baadaye

Jaketi likishakauka, rudia kipimo cha kijiko. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa imepona kwa kufuliwa tu. Pale palipobaki pajaribu kwa joto. Chembe za dawa ya kiwandani zimejipanga zikielekea nje, na msuguano na uchafu huzilaza. Joto la wastani huzisimamisha tena. Tandika kitambaa cha pamba juu ya jaketi, pitisha pasi iliyowekwa kwenye joto la chini kabisa, bila kukandamiza na bila kutua mahali pamoja. Pasi ya mkaa siipendekezi kwa kazi hii. Joto lake halipimiki, na nailoni nyembamba husinyaa na kuyeyuka mara moja. Njia iliyo salama zaidi tunayo karibu: drayer ya saluni, ile ya mkononi, iliyowekwa umbali wa kiganja kimoja na kuzungushwa bila kusimama. Dada zetu wa saluni mliomo humu, hii ni huduma mnayoweza kuitoa saa za asubuhi kabla wateja wa nywele hawajafika.

Joto likishindwa, dawa ya kiwandani imekwisha kweli, na hapo ndipo unaponunua mpya. Ziko za namna mbili: ya kupulizia na ya kulowekea. Kwa jaketi la kawaida napendelea ya kupulizia, kwa sababu inakaa nje tu, na upande wa ndani unabaki kunywa jasho. Ipulizie kitambaa kikiwa safi, futa matone yaliyozidi kwa kitambaa, kisha ufuate maelezo ya chupa kuhusu joto, kwa sababu nyingine huhitaji joto ili zishike na nyingine hukauka zenyewe hewani. Ya kulowekea inafaa ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya manyoya. Kwa mfuko wa kulalia, kama dawa ni haba, ipe sehemu ya miguu na ya kichwa. Pumzi ya aliyelala hugeuka maji, na huko juu barafu, kwenye ukuta wa hema, na miguu ndiyo inayougusa ukuta huo usiku kucha.

Mtaniruhusu nisimame kidogo kwenye jambo la afya. Kwa miaka mingi dawa hizi zilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya florini. Zinafukuza maji na mafuta kwa nguvu ya ajabu, lakini baadhi yake hazivunjiki, zinakaa majini, ardhini na katika miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliziingiza baadhi kwenye orodha ya kemikali za kudhibitiwa mwaka 2009, nyingine mwaka 2019, nyingine tena mwaka 2022. Viwanda vingi sasa vinatengeneza dawa zisizo na florini, na leo chupa za namna hiyo zipo. Tununue hizo. Zina upungufu mmoja ambao lazima tuujue: zinafukuza maji lakini hazifukuzi mafuta. Jaketi lililopakwa dawa hiyo litachafuka shingoni upesi zaidi, kwa hiyo litataka kufuliwa mara kwa mara.

Na maji ya suuza tusiyamwage kijitoni. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kumwagilia, kwa mawe na udongo, wakaweka taratibu za zamu ambazo watafiti wa mbali walikuja kuzisoma kwenye ndiva ya Manoo kule Bangalala. Maji yanayotoka msitu wa Chome yanakwenda kwenye mashamba na vinywa vya watu wa chini. Chimbeni shimo la kunyonya, mbali na mfereji, na maji yote ya kazi hii yaishie humo.

5. Ya kuacha

Hili nitalipita haraka. Nta ya nyuki, ambayo huku kwetu inapatikana, ni nzuri kwa turubai na mfuko wa pamba. Kwenye jaketi la manyoya inaziba kitambaa, inaongeza uzito na kupenya mpaka ndani. Mshumaa vivyo hivyo. Mafuta ya taa na petroli wanayotumia baadhi ya watu kutolea madoa yanaharibu dawa na manyoya, na mtu akikaa karibu na jiko ni hatari ya moto. Na usiuweke mfuko wa kulalia ukiwa umeshindiliwa kwenye kifuko chake miezi yote ya mapumziko. Manyoya yaliyobanwa muda mrefu husahau kufutuka. Utundike, au uuweke kwenye gunia pana la kitambaa.

6. Nani afue, nani alipe

Tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, wenye makao Moshi, unaowaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Ni kazi njema na ninaiheshimu sana. Lakini nguo ya kuazima huvaliwa na watu wengi, hulowa jasho la wengi, na huchakaa upesi isipotunzwa. Nguo anazonunua mgumu mwenyewe nazo hazina pa kutunziwa. Sheria ya hifadhi imeweka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Mzani wa kupima ukavu wa mfuko wake wa kulalia haupo. Nasema wazi kwamba kampuni inayomtoza mtalii dola kwa mamia haiwezi kushindwa kumlipia mgumu wake gharama ya kufuliwa mfuko mara moja kwa mwaka. Waongoza watalii mliomo humu, mnaweza kuliingiza jambo hili katika mazungumzo yenu na waajiri kabla ya msimu. Ni haki ya mtu anayelala kwenye baridi kwa ajili ya safari ya mwingine.

Kazi yenyewe naona ina makao yake Same. Mlima hupungukiwa wageni masika, Aprili na Mei, kisha msimu mkubwa huanza Juni. Nafasi ya kufua ni hiyo miezi miwili, na ndiyo miezi ambayo Moshi na vijiji vya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro vimefunikwa na mvua. Mfuko wa kulalia ukifuliwa huko mwezi wa Aprili utaoza kabla haujakauka. Sisi tumekaa upande mkavu wa milima yetu. Hata masika jua letu linatoka, na upepo wa Mkomazi haukomi. Barabara kuu ya Arusha inapita mlangoni, na basi linafika Moshi kwa muda mfupi. Maji laini yako juu kwenye milima, cherehani ziko sokoni, na vijana wanaoujua mlima kwa miguu yao wapo.

Ninapendekeza tuanze kidogo. Mafundi cherehani wajifunze kuziba matundu ya nailoni nyembamba kwa sindano ndogo na kiraka cha gundi, maana sindano ya kushonea jinzi inaacha mashimo yanayovujisha manyoya. Walimu wa ufundi wafikirie kuliingiza somo hili, hata kwa wiki moja, katika mafunzo ya ushonaji na ya utalii. Eneo la kufulia lipatikane lenye tangi la maji ya mvua, shimo la kunyonya na kivuli chenye upepo. Kila kitu kitakachofuliwa kiandikwe kwenye daftari: kimetoka kwa nani, kilipimwa vipi kabla, kilipimwa vipi baada, na kimerudi lini kulalamikiwa. Daftari hilo likijaa msimu mmoja, tutakuwa na kitu cha kuziwekea kampuni mezani tunapojadiliana bei.

Nje ya ukumbi kuna mabeseni matatu, chandarua kimewambwa tayari, na mifuko ya kulalia iliyoletwa na wenyewe inasubiri. Wanaotaka kujifunza kwa mikono tutoke pamoja sasa, wenye maswali waniulize huko huko tukiwa tunakanda. Majina ya watakaojiunga na kundi la kufua la Aprili yataandikwa leo, na wa saluni naomba waje na drayer zao.